Mstari wa Chini

"Hivi, shoga, kitu kikiwa ndani ya nyumba na hakionekani, kimeibwa au kimepotea?"

Swali hilo Jirani aliwahi kumuuliza Koplo zamani kidogo, wakianika nguo, kila mmoja upande wake wa ua. Koplo alikuwa amebana vibanio mdomoni. Alivitoa kimoja kimoja, akamtazama mwenzake, akamwambia, "Miwani yako iko kichwani." Walicheka siku hiyo mpaka shuka moja ikaanguka matopeni ikafuliwa upya.

Asubuhi hii Jirani alikuwa amesimama palepale, na swali lilikuwa lilelile, ila kicheko hakikuwepo.

"Safari hii si miwani. Ni waridi la marehemu fundi. Na anayetajwa ni mkamwana wa Bi Mkubwa. Yuko jikoni kwangu na begi lake, kaka yake anakuja kumchukua alasiri."

Koplo aliiacha nguo kwenye beseni. Alikuwa mstaafu wa polisi, idara ya upelelezi. Cheo alishakirudisha pamoja na viatu, lakini jina mtaa ulikataa kulirudisha. Waridi alilijua, nani asiyelijua? Marehemu fundi, mume wa Bi Mkubwa, alilichora enzi zake kwenye kompyuta kuukuu ya karakana, ile yenye kioo cheusi na maandishi meupe, isiyojua picha wala kipanya. Kompyuta ikitoa amri, mashine ya kutarizi inashona. Bibi harusi wa mtaa ule asiye na waridi lile kwenye mtandio alionekana kama hajaolewa sawasawa.

"Na begi lenyewe limejaa?" Koplo aliuliza.

"Limejaa hadi zipu inalia."

"Basi amekusudia. Nipishe."

Jikoni, mkamwana alikuwa amekaa kwenye kigoda, tumbo limemtangulia, anafuta meza ya Jirani kwa kitambaa. Meza ilikuwa safi tangu alfajiri. Aliendelea kufuta.

"Shikamoo, Koplo."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukupa pole, nimekuja kukuuliza. Nani alifungua karakana siku waridi lilipokosekana?"

"Mimi. Mama ana ufunguo wake na mimi nilikuwa na wangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaifunua kompyuta, nikaiwasha, nikaandika NAKSHI kama kila siku. Ndiyo programu yenyewe hiyo. Ikanijibu kwa Kiingereza chake kwamba amri ni mbaya au jina la faili si sahihi. Nikadhani nimekosea herufi. Nikarudia. Ikanijibu vilevile. Nikamwita mume wangu, mume wangu akamwita mama. Ningejua nisingemwita mtu, ningekaa nayo hivyohivyo tukatazamana."

"Jioni kabla ya hapo?"

"Ilikuwa nzima. Tulitarizi mpaka uzi mwekundu ukaisha. Niliizima mimi, nikaifunika mimi."

"Kwa hiyo wa mwisho kuizima ni wewe, na wa kwanza kuiwasha ni wewe."

"Ndivyo anavyosema mama."

"Mimi sisemi, nauliza. Uliwahi kusema ile kompyuta itupwe?"

Kitambaa kilisimama. "Nilisema tununue nyingine. Ikiwaka inakoroma kama mashine ya kusaga. Kusema tununue nyingine ni dhambi?"

"Si dhambi. Ni sababu, na kazi yangu ni kuokota sababu." Koplo alivuta kigoda cha pili. "Mama alisema nini hasa?"

"Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Mbele ya wateja. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo." Alianza tena kufuta. "Koplo, mimi mama yangu alifariki sijaota meno vizuri. Yule ndiye niliyeuzoesha mdomo wangu kumwita mama. Sasa nikitoka pale nikamwite nani?"

Jirani aligeukia jiko, akaanza kukoroga sufuria isiyo na kitu.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili, na meza ya kukatia iliyochubuka pembe zote. Ukutani, juu ya meza, palikuwa na namba za chaki za marehemu fundi: vipimo vya mabega, vya viuno, vya watu wengine waliokwisha kufa na wengine waliokwisha kunenepa. Hakuna aliyezifuta. Mteja akibadilika mwili, namba mpya iliandikwa chini ya ile ya zamani, na ile ya zamani ikabaki juu kama mzee kwenye kiti chake. Ndiyo ilikuwa sheria ya Bi Mkubwa: neno la marehemu halifutwi, ukiwa na lako liweke chini yake.

Kwa sheria hiyohiyo mkamwana alipewa jina la utani, Bi Futa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa haujui kuona alama ukaiacha.

"Koplo, karibu. Umekuja kushonesha au kupekua?" Bi Mkubwa alikuwa amekaa wima mbele ya cherehani yake, mtandio umefungwa vizuri, uso umefungwa vizuri zaidi.

"Kupekua, dada."

"Basi ungeanzia kwenye begi lake."

"Nitafika. Shikamoo kwanza."

"Marahaba." Salamu alikuwa hamnyimi hata adui.

Mwanawe, aliyeitwa Kimya na mtaa mzima kwa haki kabisa, alikuwa nyuma ya mashine ya kutarizi akiipaka mafuta sehemu aliyokwisha kuipaka. Koplo alimuuliza kama yeye huigusa kompyuta.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Naiogopa."

"Na wewe, dada?"

"Mimi?" Bi Mkubwa alicheka kwa pua. "Niiguse televisheni isiyo na picha? Mwenyezi Mungu alinipa sindano, sindano inanitosha."

Lakini alipokuwa akisema hayo vidole vyake vilikuwa vinagonga ubao wa cherehani. Koplo aliona, kwa sababu kuona ndiko kulikomlisha maisha yake yote. Watu wenye hasira hugonga meza ovyo. Hivi viligonga kwa zamu: kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, cha shahada, kisha mkono wa pili ukajibu kinyumenyume. Aliyaweka hayo pembeni, akaiendea kompyuta.

Ilikuwa imevishwa kitambaa cheupe chenye maua ya pembeni, kama mgonjwa anayetunzwa vizuri. Koplo alikifunua, akaiwasha, akasubiri ikorome. Ofisini kwao zamani palikuwa na kama hii, na yeye alikuwa akiiamkia kabla ya kumwamkia mkubwa wake, maana mkubwa alikuwa akisamehe na kompyuta haisamehe.

Aliandika NAKSHI. Ikamkatalia kwa maneno yaleyale.

Aliandika DIR. Hapo haikukataa. Orodha ya folda ikashuka kiooni, na katikati yake, bila aibu, folda ya NAKSHI.

"Mbona ipo?" Kimya alisema. Kwa siku hiyo alikuwa tayari amezungumza sana.

"Subiri." Koplo aliandika EDIT, ambayo ni programu ya kuandikia, haina uhusiano wowote na nakshi. Ikakataliwa. Aliandika TREE. Ikakataliwa nayo. Aliegemea kiti. "Huyu mwizi wa ajabu. Anaiba waridi, halafu anabeba na vitasa vya milango?"

"Sema tuelewe," Bi Mkubwa alisema.

"Kuna amri ambazo mashine inazo kichwani, kama wewe unavyojua jina lako. DIR ni mojawapo. Hizo zinajibu. Kuna nyingine ni mpaka iende kuzichukua kwenye folda zake. NAKSHI, EDIT, TREE, zote ni za kuchukuliwa. Na yenyewe haina akili ya kutafuta nyumba nzima. Inapita njia ulizoionyesha tu, isipokikuta kitu huko inakuambia hakipo. Sasa tuiulize inapita wapi."

Aliandika PATH, neno ambalo kwa mashine hiyo ndilo njia. Ikajibu mstari mmoja mfupi:

PATH=C:\VIDOLE

"Vidole ni nini?" aliuliza bila kugeuka.

Kimya hakujua. Lakini kugonga kwa Bi Mkubwa kwenye ubao kulikatika, kama mvua inavyokatika juu ya bati ukajikuta unaisikiliza isipokuwepo.

Koplo hakugeuka bado. Aliandika anwani yote kwa urefu wake, C:\NAKSHI\NAKSHI, kama mtu anayempeleka mgeni kwa mkono mpaka mlangoni. Kompyuta ilikoroma, ikafikiri, na waridi la marehemu fundi likajichora kiooni nukta kwa nukta, jani baada ya jani.

Kimya aliweka kopo la mafuta chini. Bi Mkubwa alifumba macho kidogo, midomo ikasema jambo kati yake na Mungu wake. Kisha alifumbua.

"Basi amelinakili. Kitu cha kompyuta si kuku, Koplo, kinaibwa na kinabaki. Mzee Vifungo hapo ng'ambo anashona waridi hilihili, limeanza wiki hiihii. Alilipata wapi? Huyu kampelekea, halafu akaivuruga mashine kusudi, afiche nyayo na anunuliwe mpya. Ndege wawili jiwe moja."

"Huenda. Ngoja nikamwone Vifungo."

Duka la Mzee Vifungo lilitazamana na karakana. Alikuwa mshonaji mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kila alichoshona alikitia vifungo vingi kuliko vilivyohitajika.

"Koplo! Nimekamatwa?"

"Bado. Lete waridi."

"Waridi gani?"

"Ukianza hivyo utakamatwa kweli."

Alitoa mto wa kochi wenye waridi jekundu. Kwa mbele lilikuwa lenyewe: mzunguko uleule, jani lililopinda upande uleule. Jirani angeapa. Koplo alifungua zipu ya mto, akaivua foronya, akaigeuza ndani nje.

"Njoo dirishani, mzee. Nini hiki?"

"Nyuma yake."

"Mashine haina nyuma kama hii. Mashine inapiga mishono sawa kama mvua ya mawe. Hapa kuna vifundo. Hapa uzi umeruka kutoka jani hili hadi lile bila ruhusa. Na hapa," aliweka ukucha, "ulijichoma, kuna damu."

Mzee Vifungo alijikuna shingo. "Vidole vimezeeka."

"Ulilishona kwa mkono."

"Kwa mkono. Marehemu alinitarizia shati nilipomwoza binti yangu. Akakataa malipo. Shati limechakaa, nikaona litakufa na waridi lake, nikaweka karatasi juu nikalifuatisha." Alichukua foronya akaitazama kama mtu anayetazama mtoto asiyefanana naye. "Jani moja nilikosea, nikalimeza. Hesabu utaona limepungua. Mwambie Bi Mkubwa kama ni vibaya nitaacha."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe, barabara yenyewe haina mto?"

"Yule? Akinitazama tu nasahau nilikuwa nashona gauni au suruali."

Kwa hiyo wizi ulikufa pale dirishani. Lakini Koplo alirudi karakana akijua kuwa nusu ya kesi bado imesimama. Waridi halikuibwa wala kunakiliwa, sawa. Njia ya kulifikia nani aliivuruga? Na kama mkamwana alifanya kusudi, ufunguo haungerudi kiganjani mwake.

"Kwa mkono?" Bi Mkubwa alirudia aliposimuliwa. Alilainisha kitambaa mapajani. "Na jani moja pungufu. Maskini." Kisha uso ukajifunga tena. "Lakini mashine haikujivuruga yenyewe."

"Haikujivuruga. Tuone aliyeivuruga alipita wapi."

Kila kompyuta ya aina ile inapoamka husoma kwanza faili moja dogo la kuwashia, maagizo yake ya asubuhi. Koplo aliliamuru lijionyeshe. Juu kabisa palikuwa na onyo la marehemu mwenyewe, lililomfanya Kimya atabasamu kwa mara ya kwanza: MTU ASIGUSE HAPA. FUNDI. Chini ya onyo, mstari wake:

PATH C:\DOS;C:\NAKSHI

Kisha maagizo mengine madogomadogo. Na chini kabisa, peke yake, mstari mgeni:

PATH C:\VIDOLE

"Mume wako aliiambia ipite huku na huku," Koplo alieleza. "Mtu mwingine akaja akaiambia ipite pale. Mashine inasoma kutoka juu kwenda chini, na kwenye njia haijumlishi, inashika agizo la mwisho. Ni kama mtoto anayeambiwa na baba nenda sokoni, kabla hajatoka mama akamwambia nenda kisimani. Atakwenda kisimani, sokoni amesahau."

"Faili si linaonyesha tarehe?" Kimya aliuliza. "Mke wangu alisema linaonyesha."

Koplo aliitafuta. Tarehe ilikuwa ya mwaka ambao Kimya alikuwa bado hajazaliwa. Saa ya kompyuta ilikuwa imekufa siku nyingi, kila ikiwashwa inaanza maisha upya. "Shahidi huyu amelala," alisema. "Tutafute mwingine."

Alikaa akiutazama ule mstari. Mtu mwenye nia mbaya angefuta wa marehemu. Mtu mwenye haraka angeandika juu yake. Huyu alifungua faili, akaukuta mstari wa fundi, akaupita kwa adabu mpaka chini kabisa, ndipo akaweka wake. Hakugusa hata nukta. Koplo aliinua macho ukutani, kwenye namba za chaki zilizopandana, mpya chini ya kuukuu.

"Dada, niazime pateni za marehemu, zile karatasi za kukatia mikono ya nguo. Nataka gauni."

"Sasa hivi?"

"Mkono uwe mrefu kidogo kuliko alivyoandika. Upana wa kidole. Nirekebishie."

Bi Mkubwa alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa wa homa, lakini kazi ni kazi. Alichukua karatasi ngumu ya pateni, akaitazama namba ya mumewe, akaandika yake kwa chaki chini ya ile ya zamani, bila kuigusa.

Koplo alimpa Kimya pateni ya pili na ombi lilelile. Kimya aliitazama, akairudisha.

"Nitakumbuka."

Ya tatu Koplo aliibeba kwapani mpaka jikoni kwa Jirani. Mkamwana aliipokea, akauliza kipimo, na kabla sentensi haijaisha kidole gumba kilikuwa kimeshapita ulimini na kwenye chaki. Namba ya zamani ikaondoka kama vumbi. Akaandika mpya palepale, safi, ya kupendeza. Ndipo akaganda.

"Yalaa! Nimefuta namba ya baba tena." Alishika shavu. "Koplo, nakuomba, usimwambie mama. Atasema hata nikiwa naondoka naondoka na kitu."

"Hiki nitamwambia, mwanangu. Hiki ndicho kinachokuokoa."

"Kufuta?"

"Kufuta. Umekula?"

"Chakula hakipiti."

"Kitapita. Jirani, mwekee kitu kwenye hiyo sufuria, imechoka kukorogwa tupu."

Aliporudi karakana, Koplo alimtuma Kimya akakae na mkewe. Kimya aliondoka haraka kuliko mtu mwoga anavyopaswa kutembea. Mlango ulipofungwa Koplo alivuta kiti mbele ya kompyuta, akakigeuza, akakipigapiga.

"Kaa hapa, dada."

"Nikae nifanye nini?"

"Unisaidie kuandika. Macho yangu hayaoni vizuri hizi herufi."

"Macho yako yameona damu kwenye mto wa Vifungo."

"Yamechoka kwa hiyo. Kaa."

Bi Mkubwa alikaa. Koplo aliifungua EDIT kwa anwani yake nzima, faili la kuwashia likatokea, mstari wa marehemu juu, mstari mgeni chini. Bi Mkubwa aliuangalia ule wa chini. Hakuuliza ni nini.

"Futa huo wa mwisho," Koplo alisema.

Mikono ya Bi Mkubwa ilipanda kwenye kibodi, ikatulia. Haikutulia kama mikono ya mtu anayeogopa kuungua. Kila kidole kilitua kwenye herufi yake, vinne huku, vinne huku, gumba mbili zikaning'inia juu ya kitufe kirefu, mgongo umenyooka. Ni mtu aliyefundishwa tu ndiye anayekaa hivyo. Alipotambua amekaaje, alitaka kuviondoa, akachelewa.

Koplo alisubiri. Upelelezi ni kusubiri kuliko kuuliza.

"Nilipewa disketi na mwenzangu tunayekaa naye safu moja kwenye ibada," Bi Mkubwa alisema hatimaye, akiitazama kibodi. "Binti yake alijifunzia kuchapa. Inakuambia weka kidole hiki hapa, kile pale, ukikosea inalia. Nikawa nakuja jioni wakishafunga. Folda yake, hiyo VIDOLE, nilikuwa naiingia kwa mzunguko mrefu, nikachoka, nikamwomba yule binti njia ya mkato. Akanifundisha mstari wa kuongeza kwenye hilo faili, nikaukariri kama dua. Nikafungua. Nikakuta maandishi ya mume wangu." Aliinua macho. "Sikuyagusa, Koplo. Naapa sikuyagusa. Niliweka langu chini."

"Najua. Ndivyo nilivyokujua."

"Nikaizima, nikaiwasha, vidole vikaja. Nikafurahi. Asubuhi yule akawasha, waridi hakuna. Haikunijia kabisa kwamba... Mimi nilitii kila kitu!"

"Ulitii. Ila mashine haina heshima kama ukuta wako. Ukutani anayeheshimika ni wa juu. Humo ndani anayesikilizwa ni wa mwisho."

Bi Mkubwa alipangusa pua kwa pindo la mtandio. Kwenye pindo lilelile palikuwa na fundo, na ndani ya fundo ufunguo wenye kipande cha kitambaa chekundu. Mkamwana ndiye aliyeufunga kitambaa hicho, ili usipotee.

"Kwa nini kwa siri?" Koplo aliuliza. "Mficha uchi hazai, dada. Ungemwomba yeye angekufundisha."

"Ndiyo nimwombe yeye? Mtu niliyemwambia kila siku kwamba kazi yake ni ya kukaa tu?" Alicheka kidogo, kicheko chenye maji. "Anakaribia kujifungua. Akishazaa, waridi nani ataliandika? Kimya anaiogopa kompyuta. Ningemwambia nini, amka na mtoto mgongoni uje kibarua? Nilitaka siku akijifungua nimwambie lala, mwanangu, lala mpaka uchoke kulala, karakana ninayo. Nilitaka ashangae."

"Ameshashangaa."

Bi Mkubwa aliinamisha kichwa. Nje, Mzee Vifungo alikuwa amesimama mlangoni kwake na mto mkononi, anatazama upande huu, hathubutu kuvuka.

"Haya, fanya kazi uliyoifanyia mazoezi," Koplo alisema kwa upole. "Futa wa chini. Huo ni wako, hauna lawama."

Vidole vilikwenda. Mstari mgeni ukatoweka.

"Sasa panda juu kwenye mstari wake. Nenda mpaka mwisho wake, baada ya NAKSHI."

Mikono ilisimama. "Niuguse?"

"Usiufute. Uunganishe. Weka nukta mkato, kisha andika lako. Mashine itapita kwake kwanza, halafu ipite kwako. Mtakaa mstari mmoja."

Bi Mkubwa aliangalia onyo la juu, MTU ASIGUSE HAPA, akasema "Nisamehe, baba wee," kwa sauti ambayo haikumhusu Koplo. Kisha aliandika polepole, kila herufi kwa kidole chake halali:

PATH C:\DOS;C:\NAKSHI;C:\VIDOLE

Walihifadhi, wakaizima. Ilipowashwa tena ikakoroma kama kawaida yake, na Bi Mkubwa mwenyewe, bila kusomewa, akaandika NAKSHI. Haikukataa. Waridi likaanza kujichora, nukta kwa nukta, jani baada ya jani, na hakuna lililopungua.

Alilitazama mpaka likaisha. Bila kugeuka akauliza, "Na yeye? Kwenye hiyo pateni aliandika wapi?"

"Alitia mate kidoleni akafuta namba ya marehemu, akaandika yake palepale."

"Salaale!" Bi Mkubwa aliruka kidogo kwenye kiti, kisha akashindwa, bega likaanza kutikisika. "Bi Futa yule. Mate kabisa?"

"Mate kabisa. Akaniomba nisikwambie."

Kicheko kilimtoka na machozi yakafuata njia hiyohiyo. Alipomaliza alijifuta uso.

"Kaka yake kashafika?"

"Bado. Alasiri."

"Amekula?"

"Anasema chakula hakipiti."

Bi Mkubwa alisimama. Alilishika pindo la mtandio, akalifungua lile fundo kwa meno, akautoa ufunguo na kitambaa chake chekundu, akaukumbatia kiganjani. Koplo alifungua mdomo amkumbushe kuifunika kompyuta. Bi Mkubwa alikuwa ameshaupita mlango, anakatiza barabara kuelekea kwa Jirani, viatu vya ndani miguuni.